Divai Tunayoiinua Bila Kuijua

Tangu nilipostaafu ualimu na kukabidhiwa funguo za sakristia ya parokia yetu hapa Katuba, kuna swali linalonikosesha raha kila ninapomimina divai kwa ajili ya Misa. Je, kikombe cha Bwana kinaweza kubeba kitu ambacho wanaokizunguka hawajawahi kukiona kikichipua, hawajakikamua wala kukionja? Nikiwauliza watoto wa katekisimu zabibu ni nini, wengi hujibu kwamba ni tunda la katika Biblia. Muhindi wanaujua tangu punje mpaka bukari. Muhogo wanaujua tangu kipande cha mti kinachochomekwa ardhini mpaka sombe iliyotwangwa. Zabibu wanaisikia ikitajwa tu, kisha wanaona kikombe kinainuliwa na mtu mmoja anakunywa.

Divai yenyewe hutufikia kwa njia ndefu. Hununuliwa kwa katoni, na katoni hizo, kama karibu kila kitu kinacholiwa Lubumbashi, hupita mpaka wa Kasumbalesa juu ya lori. Mara huwa ya Afrika Kusini, mara ya Ulaya. Sheria ya Kanisa Katoliki juu yake ni fupi: kanuni ya 924 ya mwaka 1983 inataka divai ya asili itokanayo na tunda la mzabibu, isiyoharibika, na Roma ilikazia tena mwaka 2004 kwamba isichanganywe na kitu kigeni. Matone machache ya maji yanaruhusiwa, tena yanatakiwa. Spiriti kidogo inaruhusiwa pia ili divai isigeuke siki njiani, mradi spiriti hiyo nayo itoke kwenye zabibu. Hayo ndiyo ninayoyalinda. Nanusa kila chupa ninayofungua, kwa sababu joto la Oktoba hapa kwetu halina huruma, na divai iliyochacha haifai altareni.

Aliyenifanya niliseme swali langu kwa sauti ni jirani yangu, mjane wa Kanisa la Kimbangu. Tulikuwa tunachambua lengalenga kwenye baraza lake. Aliniuliza, "Yaya, ile divai yenu inatokaka wapi?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ya kwetu ni asali. Inatoka hapa hapa porini." Hakusema kwa kunishinda. Alisema kama mtu anayetaja jina la mama yake.

Anayeishi Lubumbashi hana budi kulichukulia neno hilo kwa uzito. Simon Kimbangu, nabii wa kanisa la jirani yangu, alihukumiwa kifo mwezi Oktoba 1921, akabadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha, akaletwa katika mji huu, wakati huo ukiitwa Élisabethville, mbali kabisa na Nkamba kwao. Hapa alikaa gerezani miaka thelathini. Hapa alifia, tarehe 12 Oktoba 1951. Sisi Wakatoliki wakati huo tulikuwa na askofu mwenye sauti kubwa serikalini, Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyefika mwaka 1910 mji ulipoanzishwa. Kanisa letu lilikuwa limekaa vizuri, na divai yetu ilikuja kwa meli na reli bila shida. Kanisa la mfungwa yule halikuwa na kikombe chochote.

Lilipofikia kuadhimisha Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza, tarehe 6 Aprili 1971, miaka hamsini kamili tangu Kimbangu aanze kazi yake, lilikuwa na uhuru wa kuchagua. Lilichagua mkate wa viazi, mahindi na ndizi, na badala ya divai likaweka asali iliyochanganywa na maji. Waumini wake hawanywi pombe, kwa hiyo zabibu iliyochachushwa isingewafaa hata kama ingepatikana bure. Lakini naona kuna zaidi ya hapo. Watu walionyang'anywa nabii wao, wakahamishwa vijiji kwa maelfu, walitaka mezani kitu ambacho hakuna afisa wa forodha anayeweza kukizuia.

Na asali ni kitu kikubwa katika nchi hii ya miombo. Ukienda Likasi utaona chupa zimepangwa kando ya barabara, nyingine nyeusi kama mafuta ya gari, nyingine za rangi ya kaharabu, kutegemea miti iliyochanua na msimu. Wazee wa Kilamba na Kibemba walijua pia kuichachusha ikawa kinywaji cha sherehe. Ndani ya kijiko kimoja kuna maua ya msitu mzima, na inaniuma kuona magunia ya makala yakipita barabara ile ile, maana kila gunia ni miti ambayo nyuki hawatairudia. Kama Meza ya Bwana ni shukrani kwa ardhi tuliyopewa, basi asali ya miombo ina haki ya kuwekwa juu yake kuliko zabibu yoyote.

Lakini je, Meza ya Bwana ni hiyo tu?

Wapo Wakatoliki waliofikiri hivyo, na si watu wepesi. Padri René Jaouen, mmisionari Mfaransa aliyeishi na Wagiziga kaskazini mwa Kameruni, alitoa kitabu mwaka 1995 akitetea Ekaristi ya mtama. Hoja yake ilitoka kwenye maisha: mtama ndio unaobeba kuzaliwa, ndoa na kifo cha watu wale, ngano hawana habari nayo. Sisi wa Kongo tulikwenda mbali katika mengine. Misale yetu iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 inatupa kucheza wakati wa utukufu, kuwaita wahenga wema wasimame pamoja nasi, kuomba msamaha baada ya kulisikia Neno na si kabla yake. Mkate na divai havikuguswa. Wapo wanaoona hapo ndipo maaskofu wetu walipochoka. Mimi siamini walichoka. Naamini waligusa jambo ambalo si la utamaduni peke yake.

Nitaeleza kwa kuanza na bukari. Hakuna mtu wa Katuba atakayekubali ukimwambia bukari si ya kwetu. Munkoyo pia: mama yangu aliutengeneza kwa uji wa mahindi na mizizi ya porini iliyopondwa, ukalala usiku mmoja, na asubuhi watoto wa mtaa mzima walikuja na vikombe. Lakini muhindi ulitoka Amerika. Muhogo nao ulitoka huko huko, ukavushwa bahari na Wareno, wakati wazee wetu walikuwa wakila mtama, ulezi na uwele. Kwa hiyo anayedai kikombe cha munkoyo kwa sababu ni cha ardhi yetu, anadai kitu kilichokuja kwetu kikiwa mgeni. Tulikifanya chetu kwa jembe. Tulikipalilia, tukakihifadhi ghalani, tukakipa majina, tukakipika kwenye misiba na harusi. Ugeni wake ulikwisha kwa sababu mikono yetu ilikijua.

Sasa zabibu. Sababu inayonifanya niishikilie ni kwamba Yesu hakutuachia wazo la chakula kwa jumla. Alikaa mahali pamoja, usiku mmoja, Yerusalemu, akiwa Myahudi kati ya Wayahudi, mbele ya kikombe cha Pasaka yao. Mji wetu unapaswa kulielewa hilo kuliko miji mingi, maana Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes waliishi hapa, wakafanya biashara hapa, wakajenga sinagogi lao linalosimama mpaka leo. Kila Ijumaa jioni walibariki kikombe cha divai mezani, pamoja na watoto wao. Kikombe kile na chetu vina ukoo mmoja. Nikiondoa zabibu, ninaondoa uzi unaonifunga kwenye meza ya watu wale mahususi, na ninabaki na fundisho zuri linaloweza kufundishwa kwa kinywaji chochote. Imani yangu haikutokana na fundisho. Ilitokana na mtu aliyekuwa na mama, kijiji, lafudhi na chakula cha kwao.

Wahabeshi waliliona jambo hili karne nyingi kabla ya mmisionari yeyote kufika Katanga. Walipokosa divai hawakuhamia kwenye teji yao ya asali, ingawa teji ni fahari yao. Walichukua zabibu kavu, wakailoweka majini, wakaikamua, wakaipeleka altareni. Hakuna Mzungu aliyewaamuru.

Kwa hiyo jirani yangu na mimi hatukubaliani, na hatukubaliani kwa heshima. Siwezi kuiita meza yake ya uongo. Nani katika mji huu, gereza lile likiwa bado katika kumbukumbu, atathubutu? Ila ametia kidole penye kidonda changu. Zabibu kuwa ngeni si kosa. Kosa ni kwamba hatuijui. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyechapisha kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu hapa Élisabethville mwaka 1945, aliandika kwamba kwetu sisi kuwapo ni nguvu ya uhai, na nguvu hiyo huongezeka au kupungua kwa mahusiano. Wanafalsafa wa Kiafrika walimkosoa baadaye, na kwa haki, kwa kutusemea sote kwa pamoja. Lakini hilo la mahusiano nalikubali kwa sababu nimeliona: zawadi ambayo hujui aliyeitoa haikufungi na mtu. Tunamtolea Mungu kazi ya mikono ya wanadamu, na mikono hiyo hatuijui hata ni ya bara gani.

Na mizabibu ya watu wanaosema Kiswahili ipo. Iko Dodoma. Mpwa wangu ni dereva wa lori, hupita njia ya Dar es Salaam, Tunduma, Kapiri Mposhi mpaka Kasumbalesa, na ndiye aliyeniletea chupa za huko pamoja na habari zake. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu ya kwanza pale mwishoni mwa miaka ya 1950, wakitafuta divai ya Misa. Ugogo, eneo hilo la Dodoma, ni nchi kame: mvua yake kwa mwaka ni kama nusu ya yetu, na inanyesha msimu mmoja tu. Kwa mahindi huo ni msiba. Kwa zabibu ni baraka, kwa sababu kuvu wanaokula majani na vichala hupenda unyevu. Wanakijiji wakachukua vipandikizi kutoka misheni, wakavipeleka mashambani mwao. Leo wakulima wadogo wa Hombolo, Makutupora, Mpunguzi na kwingineko wana ekari moja, ekari mbili za mizabibu kando ya karanga na mtama. Zabibu nyekundu yao kuu inaitwa Makutupora, jina la kijiji penye kituo cha utafiti wa zao hilo. Nyeupe inayojulikana ni Chenin Blanc.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni la kisu. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, unapukutisha majani, unapumzika, na mkulima anaupogoa ukiwa usingizini. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mti ungeendelea kutambaa na kutoa majani bila kukoma, vichala vikawa haba. Kwa hiyo ni mkulima mwenyewe anayeamua msimu: anakata matawi, anaacha macho machache, na kwa jeraha hilo mti unachipua upya na kuzaa. Kwa kupogoa mara mbili anavuna mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza mvua zinapoelekea kwisha na mara ya pili kiangazi. Nilikuwa nimefundisha sura ya 15 ya Injili ya Yohane miaka mingi nikidhani kupogoa ni kusafisha tu, kama kufagia uwanja. Kwa mkulima wa Hombolo kupogoa ndiko kunakoita tunda. Padri akinisikia nikiwaeleza watoto hivyo siku hizi, hunipa muda zaidi.

Wakulima hao wana shida yao pia. Zabibu haingoji. Ikiiva na kiwanda hakinunui, inaozea shambani. Viko viwanda vikubwa kidogo, kama kile cha CETAWICO pale Hombolo, na viko vya watu wachache wenye mapipa ndani ya ua. Serikali ya Tanzania imeweka ushuru mdogo kwa divai iliyotengenezwa kwa sehemu kubwa na zabibu za nchini, kuliko ile ya nje. Ni hatua ya busara. Lakini soko ndilo dawa, na makanisa ni soko lisilokwisha.

Chupa za mpwa wangu hazikwenda altareni, maana hiyo ni ruhusa ya paroko na si yangu. Tulizifungua nyumbani tarehe 29 Juni, sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, wasimamizi wa katedrali yetu, wakati baridi ya kiangazi imekaza na watu wanavaa makoti asubuhi. Nataka kusema jinsi zilivyokaa na chakula chetu, kwa sababu kitu hakiwi cha nyumbani mpaka kimepita mezani.

Nyekundu kavu ya Makutupora ina ukakasi unaokamata ulimi. Ukiinywa peke yake utakunja uso. Ikikutana na michopo, mbuzi aliyechomwa akatoa mafuta, na kitunguu kibichi na chumvi, ukakasi ule unapata kazi: unayakata mafuta, na nyama inaonekana tamu zaidi. Ila punguza pilipili. Pilipili yetu ikikutana na ukakasi huo mdomo unawaka na divai inageuka chungu. Nyekundu ile ile ilikaa vizuri na finkubala waliokaangwa wakavunjika kwa meno, kwa sababu viwavi wale wana moshi na chumvi yao. Wajukuu walipenda finkubala wakapewa munkoyo, na hilo ni sawa.

Chenin Blanc ilikuwa na uchachu safi, na nilidhani itashindwa na sombe yenye mawese. Ilishinda. Mawese hufunika ulimi, uchachu unaufunua, unarudi tena kwenye sahani ukiwa na hamu. Kwa samaki wa Kasenga aliyepikwa na nyanya sijawahi kupata kinywaji bora. Ile nyekundu tamu, ambayo mpwa wangu anasema ndiyo inayopendwa na wengi, siipendekezi na bukari. Inagombana na mboga zote. Iache mpaka mwisho, pamoja na karanga za kukaanga. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, aliyefanya kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines maisha yake yote, alionja ile nyekundu kavu, akauliza, "Basi hii ndiyo padri anakunywaka?" Ana zaidi ya miaka sabini. Amepokea komunyo tangu utoto, na hajawahi kuonja divai ya Misa.

Swali lake ni zito kuliko langu. Wagiriki wa mji huu, katika kanisa lao la Kiorthodoksi, humpa kila muumini mkate uliolowa divai kwa kijiko, hata mtoto mchanga. Sisi tunamwachia padri. Kanisa linaruhusu waumini kunywa, lakini parokia nyingi haziwapi, kwa sababu ya wingi wa watu na bei ya divai. Bei! Meza ambayo wageni wanaangalia mwenyeji akinywa peke yake kwa sababu kinywaji ni ghali haifanani na ile ya Yerusalemu.

Najua watakaonijibu kwa kutaja lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji. Nami nimewazika wanafunzi wangu kwa sababu ya lutuku, na kwa zile pombe kali za bei nafuu zinazouzwa karibu na shule, na machozi yangu juu yao hayajakauka. Nawaheshimu majirani wangu Waislamu na Wakimbangu wasioruhusu tone, na nyumba zao nyingi zina amani kwa sababu hiyo. Lakini ulevi wa mji huu ni wa watu wanaokunywa bila chakula, bila wazee, bila kusudi. Kikombe kinachopita kutoka mkono hadi mkono, baada ya sala, kila mtu akinywa kidogo, kingewafundisha vijana wetu kwamba kuna kunywa kusikokuwa kujizika. Mwenye ugonjwa wa pombe atapokea mkate peke yake, na hatapungukiwa chochote mbele za Mungu.

Kwa hiyo nasema nikiwa mlinzi wa funguo tu. Maaskofu wetu wa Katanga waandikiane na wa Dodoma, na divai ya altare zetu itoke kwa wakulima wale, wanaoomba kwa lugha tunayoombea sisi, na barabara ya malori ipo tayari. Maparoko wanunue ya kutosha, angalau siku za sikukuu kubwa, ili jumuiya ndogondogo zinywe kikombeni. Na kila parokia ipande mzabibu mmoja uani. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili zitausumbua kwa kuvu, lakini kiangazi chetu ni kirefu na kikavu, na nimeona mzabibu ukizaa ndani ya ua wa masista hapa hapa mjini. Hautatoa divai ya kutosha hata Misa moja. Utatosha kuwaonyesha watoto jani, kichala na kisu cha kupogolea. Wazazi mnaosoma haya, msimngoje paroko: ombeni kipandikizi, kichomekeni ardhini, mkimwagilie mpaka Novemba.